Daftari Lililomwachisha Mama Dawa

Nilimwachisha mama yangu kidonge cha presha kwa kutumia hesabu, somo lililonipa D kidato cha nne.

Mimi si mtu wa kutoka. Kiti changu kiko dirishani, na huku mtaani Mbotela ukikaa dirishani miaka kadhaa unajua nani anameza nini. Nikaandika kwenye daftari: wanaomeza kidonge kimoja upande huu, wanaomeza viwili upande ule. Upande wa viwili ulijaa waliovimba miguu, waliopooza, na mmoja aliyezikwa. Ushahidi gani tena? Mama ndiyo kwanza alikuwa ameongezewa cha pili. Nilimsomea daftari kama mhubiri, akakiacha.

Mwezi haukuisha akaanguka bafuni.

Nesi wa kliniki alilipitia daftari langu bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi. "Cha pili hupewa nani?"

"Yule ambaye cha kwanza hakijamteremshia presha."

"Basi hao walikuwa wagonjwa zaidi hata kabla ya kukimeza. Ungelinganisha watu wa umri mmoja, presha moja, walioanza pamoja, halafu uwafuate miaka. Wewe umelinganisha mgonjwa na mahututi, ukalaumu kidonge."

Nilirudi nyumbani nimeelimika. Shida ni kwamba mama naye alikuwa ameshaelimika, na mwalimu wake ni mimi.

"Meza, Mama."

"Kile cha kuua watu?"

"Nilikosea."

"Ulikosea ulipoandika, ama uliponiona chini?" Akafungua ukurasa wenyewe. "Huyu si alizikwa? Ama amefufuka?"

Wiki mbili tulikuwa hivyo, chumba kimoja, yeye kitandani, mimi nimesimama na glasi ya maji, presha yake ikizidi kupanda, na kila hoja niliyoleta ikigonga ile yangu ya kwanza. Maisha yangu yote nimependa kukaa nyumbani. Sikujua nyumba inaweza kukukamata shati.

Jumapili jirani wa mlango wa tatu, dereva wa lori, akaja kumjulia hali. Mama akampa daftari ajionee. Akasoma, akageuza ukurasa, akarudi mwanzo, kisha akaniangalia.

"Sasa mimi niko wapi hapa? Nameza vidonge vyote viwili tangu kifungua mimba wangu azaliwe, na huyo saa hii ana ndevu. Nikitoka umelala, nikirudi umefunga pazia. Umehesabu tu wale wa kushinda nyumbani kama wewe, buda. Mama, meza dawa."