Harufu Niliyoianika Juani

Asubuhi hii nimekuta mjukuu wangu amefunua rundo la samadi ya mbuzi eti lipate hewa, na ile harufu ya mkojo, kali mpaka machozi, ikanirudisha Tshopo kwa mama. Nimemgombeza kwanza. Nyinyi nawaeleza taratibu, ingawa nimechoka kurudia.

Mama alilima lengalenga, mchicha wa kwetu, na mavuno ya msimu ule ndiyo yangenilipia darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa moja: rundo la samadi lisikose majani ya ndizi juu yake. Lakini shuleni walinichoka kwa harufu yake. "Papa Mbuzi, kaa kule dirishani." Bon, basi, mama alipokwenda soko la mbali kwa siku kadhaa nikalitandaza lote juani. Siku nne, harufu ikaisha. Nikajiona fundi.

Mama akaitia samadi ile bustanini, lengalenga zikaota njano kama zina homa. Sokoni wanawake walizigeuza, wakaziacha.

Tonton, ndugu ya mama, kibarua wa bustani za utafiti kule Yangambi, akaja na mashua. Angeweza kunichapa, yakaisha. Yeye akaomba mbila, yale matunda ya mawese. Mbili akazifunga pamoja kwa kamba tatu.

"Achanisha."

Nikavuta, nikang'ata. Wapi.

"Hii ni azote, wengine wanaita nitrojeni. Hewa imejaa yeye, wawili wawili, hawaachane. Mumea anakufa na njaa katikati ya chakula."

Akachukua mbila moja, akaichomeka vijiti vitatu, punje ya mahindi kwenye kila ncha, akaisimamisha kama chungu juu ya mafiga. "Azote ya mukojo iko hivi. Mwenzake hayuko, donc, basi, mumea anamuweza. Lakini anapenda kuruka. Ukisikia harufu, ni yeye anaenda zake."

"Tonton, mbona miguu yote inaangalia chini? Si uilaze kama sahani?"

"Mama yako analia majani ya ndizi, weye unauliza miguu."

Nilizitupa mbila zake mtoni kwa hasira. Darasa la tano sikuliona.

Miaka mingi nimesema umaskini ndio ulionitoa shule, na kwamba nilijijenga mwenyewe. Kujijenga, kweli: bustani tatu, nyumba ya matofali. Ila siku nilipofunika rundo langu la kwanza, nikainama kunusa kama majani yameshika harufu, ndipo nilipoelewa. Shule yangu ilikuwa mle ndani, inanuka, na mimi niliianika mpaka ikaisha.

Mjukuu amefunika. Amenuna, ameziba pua, lakini amefunika.