Ngazi ya Mwisho ya Mto Bagmati

"Ofisi ya kata inawatangazia wakazi wote kwamba, kuanzia leo, chai ya wanaojitolea kusafisha Mto Bagmati itatolewa katika vikombe vya bati badala ya bilauri."

Saa moja asubuhi tangazo hilo linasomwa kwa kipaza sauti jijini Kathmandu. Sanunani Maharjan halisikilizi. Amezama hadi mapajani katika maji meusi, akivuta godoro kwa kulabu.

Siku nyingine mama huyu wa miaka hamsini na mmoja huuza mchele wa kupondwa, kazi inayomwachia takriban rupia mia saba kwa siku. Jumamosi, kama leo, hafungui duka. Jirani yake Purna Tamang, mwenye karakana ya kuosha mazulia, naye hufunga na kuleta winchi na wafanyakazi wake. Bomba lililokuwa likimwaga rangi mtoni ameliziba kwa saruji, jambo ambalo majirani, kwa sababu za msingi, walikwenda kulihakikisha kwa macho.

Sanunani anatafuta ngazi ya mwisho kati ya zile za mawe za kushukia mtoni. Baba mkwe wake, mzee Asta, mgonjwa wa mapafu, anataka saa ya kukata roho miguu yake iwekwe majini juu ya ngazi ya chini kabisa, ilipowekwa ya baba yake. Ngazi hiyo ilifukiwa kabla Sanunani hajaolewa.

"Kila nikimpelekea chakula ananiuliza, 'Mkwe, mmefika?' Nikimwambia bado, anasema, 'Basi sifi leo. Lete wali.'"

Kinachoifukia ni desturi. Godoro alilofia mtu halikai nyumbani, hupelekwa mtoni. Zamani mkondo uliyachukua magodoro hayo. Sasa yanabaki.

Kabla ya adhuhuri anashuka Kedar, muuza mboga, na godoro begani.

"Dada, hili la shangazi. Nipishe."

"Mpelekee fundi wa pamba, alichambue."

"Shangazi kafia hapa, halafu mtu mwingine akalilalie?"

"Na baba mkwe wangu miguu yake ikalale juu ya shangazi yako?"

Purna anadakia: "Shangazi mwenyewe tulimjua kwa maneno mengi, kaka. Mzee hatapumzika."

Kedar analitua godoro ukingoni, anasita, kisha anashika kamba pamoja nao.

Winchi inalia. Rundo linang'oka. Linatokea jiwe la ngazi ya mwisho, lililochongwa nyoka aliyejikunja, magamba yake yakiwa makali kana kwamba patasi imeondoka jana. Chini yake inabubujika chemchemi baridi, safi kiasi cha kuhesabu kokoto.

Purna anavua mabuti yake, kama mlangoni pa hekalu. Mmoja baada ya mwingine, katika matope yenye vigae vya chupa, wote wanavua.

"Mzee alisema kuna nyoka," Sanunani ananong'ona. "Sisi tukasema ni homa."

Anapanga kumshusha hapa kwa machela wiki hii, aione akiwa hai. Baadaye atamleta kwa ile safari nyingine, ikiwa ngazi itakuwa bado wazi. Magodoro huja kila siku, hivyo ameiomba ofisi ya kata iyazuie.

Jumatatu ofisi imetoa uamuzi: ni marufuku kutupa magodoro mtoni siku za Jumamosi, saa za usafi.