Vibuyu Nilivyovikataa Njia ya Karagwe

Ndugu zangu wa Pangani, mmeniandikia mara mbili mkiuliza msafiri aendaye Karagwe apumzike wapi na anywe nini, nami nimekawia kujibu kwa sababu jibu lenyewe lina aibu yangu ndani. Nitasimulia yote tangu nilipotoka Bukoba, mpate kujua kwa nini leo nazisifu nyumba ambazo mara ya kwanza nilizipita nimenuna.

Niliondoka kwa sababu ya shemeji yangu Salim. Mume wangu alipofariki, duka la nguo la Bukoba lilibaki kwa Salim, mdogo wake, nami nikabaki na dele la shaba la kuchemshia kahawa, vikombe kumi na viwili, kinu, na ufundi wa kukaanga buni niliofunzwa na mama. Salim si mtu mbaya. Ila aliona mjane hana la kufanya huku bara, akataka kunirudisha pwani kwa kaka yangu nikakae uani, nikisubiri kuitwa kula. Mimi nikamwambia nataka kufungua nyumba ya kahawa Bweranyange, mahali ambapo wafanyabiashara wa kwetu hupita wala hawana pa kuweka kitako. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mwishowe tukaagana hivi: msafara wa pwani utaondoka mwisho wa Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi. Nikipata kiwanja kabla ya hapo, nitabaki. Nikikosa, nitafunga mizigo yangu bila maneno.

Nilikubali upesi, maana nilijua sitakosa. Mume wangu alikuwa na rafiki huko Bweranyange, Mzee Katabarwa, mkuu wa kijiji, na mara nyingi aliniambia kwamba wao wawili wamekula kahawa pamoja. Nilidhani ni maneno ya kirafiki tu, kama mtu asemavyo tumekula chumvi.

Bukoba, siku ya pili baada ya Idi, tuliondoka alfajiri na wachuuzi wa majembe, wanaume kwa wanawake. Mchukuzi wangu alikuwa Kajuna, Mnyambo wa huko Karagwe, mtu wa makamo aliyembebea mume wangu mizigo miaka mingi na kujifunza Kiswahili njiani. Yeye alibeba dele na kinu, mimi nikajitwika buni. Kesho yake nilianza kufunga ile sita ya sunna ifuatayo Ramadhani. Msafiri ana ruhusa ya kuacha hata funga ya faradhi, najua, lakini mimi nikishika jambo sishauriki. Wala sikumwambia mtu, kwani niliona funga ya kutangaza ni nusu funga.

Siku ya tatu, mchana, tulifika mto Mwisa. Kabla ya kuingia kwenye mafunjo kuna nyumba kubwa ya msonge, na kwenye kivuli cha migomba kuna mtumbwi mrefu ambao haujapata kuona maji ya mto. Ni wa kukanyagia ndizi. Wanaume wanne walikuwa ndani yake wakikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi, wakiimba taratibu, na harufu tamu ilitujia tangu mbali. Humo ndimo inamotoka lubisi, pombe ya huku. Kajuna akamwambia mwenye nyumba, mtu mnene mwenye sauti ndogo, kwamba mimi ni Mwislamu sinywi pombe. Yule bwana hakununa hata kidogo. Akachota maji ya ndizi ya siku ileile, ambayo hayajachacha, huyaita mulamba, akayatia katika kibuyu kidogo chenye mrija. Kisha akavuta funda moja mwenyewe, akameza, akanipa.

Niliinua mkono, nikageuza uso.

Kukataa nilikataa kwa funga yangu. Lakini kununa nilinuna kwa jambo jingine. Kwetu mwenye nyumba akitangulia kunywa mbele ya mgeni, huyo tunamwita mroho. Nikajiambia: nyumba nzuri, mwenyeji hana adabu. Yule bwana akakirudisha kibuyu polepole, na waliokuwa mtumbwini wakaacha kuimba. Nikadhani wamechoka.

Siku ya tano, alasiri, tulikuwa tumeshaipita Nyakahanga tukafika Igurwa. Kajuna akatupeleka kwa Kokugonza, mjane mwenzangu, mrefu, anayetembea kama mtu asiyekopa. Nyumba yake haina kibao wala ukumbi, ila kila apitaye njia ile huketi kwake, wengine kwa lubisi, wengine kwa kahawa. Na kahawa ya huku, ndugu zangu, hainywewi. Hutafunwa. Huichuma mbichi, huichemsha na majani yenye harufu, huianika, huikausha juu ya moshi. Sakafu ilitandazwa nyasi mbichi, nami nilipoketi nilijisikia nimeketi mahali pa heshima.

Akaleta kikapu kidogo kilichofunikwa jani la mgomba, akatoa tunda moja la kahawa, akalitafuna yeye. Nikasema moyoni, na huyu naye! Kisha akaninyoshea kikapu. Nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa. Hakukiondoa. Alikishika mbele yangu muda mrefu, halafu akasema neno.

"Anauliza kama nyumba yake inanuka," Kajuna alinitafsiria.

"Mwambie nyumba yake ni safi kuliko yangu. Sina njaa tu."

Jua lilipotua nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifunika kanga, nikafuturu tende zangu na maji ya birika langu. Nilipogeuka, Kokugonza alikuwa amesimama pale na mtungi kichwani, ananitazama nikitafuna. Mwanamke asiye na njaa. Akapita.

Bweranyange tuliingia kesho yake jioni. Mzee Katabarwa ni mwembamba, sauti yake ya chini, na anajua Kiswahili cha biashara. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Mume wako tulikula kahawa. Unajua maana yake?"

Nikamwambia sijui. Akachukua tunda la kahawa, akalipasua, akanionyesha buni mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Kila mmoja, akasema, alijichanja kidogo tumboni, akaipaka buni yake damu, mwenzake akaimeza. Basi wakawa watu wa tumbo moja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye ndugu Karagwe, nami nisijue.

Akanionyesha kiwanja penye njia panda, chini ya kilima, karibu na kisima. Nilikipenda palepale. Nikaanza kupanga mahali pa jiko na pa mkeka.

"Ila kiwanja si changu peke yangu," akasema. "Kesho nitawaita wazee. Wakinywa hicho kinywaji chako, jenga."

Siku ya saba alasiri, wazee saba waliketi uani kwake. Ilikuwa funga yangu ya sita, ya mwisho. Nilikaanga buni mbele yao, nikatwanga, nikatia tangawizi, nikachemsha. Nilifanya kama alivyonifundisha mama. Nikammiminia Mzee Katabarwa kikombe cha kwanza, nikampa kwa mikono miwili, kisha wazee mmoja mmoja, nikarudi nyuma nikakaa, kama akaavyo mwanamke aliyelelewa.

Hakunywa hata mmoja.

Nikasema karibuni. Wakatazamana. Nikasema tena. Mzee mmoja akakiweka kikombe chini kwenye nyasi, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Mvuke ukaisha vikombeni. Nikahisi machozi ya hasira yanakuja, nikayameza.

"Shemeji," akasema Mzee Katabarwa, na sauti yake haikuwa ya jana, "hatuwezi kunywa."

Nikamgeukia Kajuna. "Wana nini hawa?"

"Mama, wewe hujaanza. Kwetu mwenye chombo ndiye anayeanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Asiyeanza..."

"Asiyeanza anaua watu?"

"Ndivyo watu watakavyosema, mama."

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani unajua. Mume wako kila siku alianza yeye."

Maneno hayo yalinikata. Maana ni kweli. Bukoba, kila walipokuja wageni wa Karagwe, mume wangu aliliwahi funda la kwanza kabla hajawamiminia, nami nikingoja waondoke nimgombeze. Nilimwita mroho. Nilimwambia ananiaibisha. Yeye alicheka tu, akasema iko siku nitaelewa. Nilikaa mbele ya wale wazee nikamkumbuka, na nikatamani kumwomba radhi, lakini nani wa kuombwa.

Nikasimama. Jua bado lilikuwa juu. Funga ya sunna mtu anaweza kuifungua, na siku moja nitailipa nikipenda. Nikasema bismillahi, nikajimiminia kikombe, nikakinywa chote mbele yao, na bado kilikuwa cha moto.

Mzee Katabarwa akachukua chake, akanywa. Wengine hawakuvigusa.

"Mimi nimekunywa kwa ajili ya ndugu yangu," akasema. "Hawa wamesikia kwa wachuuzi habari ya Igurwa. Na ya Mwisa. Wameambiwa kuna mwanamke hapokei kitu kwa mtu, chakula chake hula mafichoni, na anakuja kutunywesha sisi."

Nikaeleza habari ya funga, yeye akawatafsiria. Mzee aliyeweka kikombe chini akajibu kwa utulivu.

"Umesema vizuri," akatafsiri Mzee Katabarwa, "lakini kikapu kilichokataliwa ni cha Kokugonza. Mwenye kuridhika ni Kokugonza, si sisi."

Nikauliza Igurwa nitafika lini nikiondoka alfajiri. Kajuna akashusha pumzi, akaanza kufunga dele.

Igurwa tulifika jioni, miguu imevimba. Kokugonza alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakusimama. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Nikapiga magoti kwenye nyasi zake, jambo ambalo sijamfanyia mtu tangu mama mkwe wangu, nikamwambia Kajuna atafsiri neno kwa neno: kwamba siku ile nilikuwa nimefunga kwa ajili ya Mungu, nikaona fahari kuificha funga, na kwamba uongo wa njaa ulikuwa uongo. Na kwamba nimekuja kula kahawa yake.

Akaendelea na maharage. Nikaendelea kupiga magoti. Nilikuwa nimeazimia kupiga magoti mpaka asubuhi, kama mguu wangu ungekubali.

"Anauliza," Kajuna akasema, "kwa nini hukusema tu. Angekuwekea mpaka jua lizame."

Nikaziinamia nyasi. Ndugu zangu, mpaka leo najiuliza.

Akainuka, akaleta kikapu. Akatafuna moja, akaninyoshea. Nikatafuna. Ni chungu, ina ladha ya moshi, kisha harufu ya yale majani hupanda puani, na usingizi na uchovu vyote vikakimbia. Nikachukua ya pili bila kukaribishwa, ndipo akacheka.

Nami nikawasha moto wangu uani kwake. Alipoona namwaga buni kwenye kikaango akashika kichwa, kwani kwao kahawa haiunguzwi. Nilipokwisha kuchemsha nikanywa mimi kwanza, nikampa. Akanywa kidogo, akakunja uso, akanywa tena.

"Umeiunguza," akasema kwa Kiswahili chake kidogo.

"Ndiyo, mama."

"Ongeza."

Keshoye akafunga mgolole wake, akaandamana nasi mpaka Bweranyange, wala hakuombwa. Uani kwa Mzee Katabarwa nikaanza mimi, akafuata yeye mbele ya wazee wote, akamaliza, akageuza kikombe kuonyesha ni kitupu. Vikombe vikazunguka. Mzee yule aliyekiweka chini alikunywa viwili.

Kurudi Bukoba nilipita Mwisa mchana, nikamwomba yule bwana mnene kile kibuyu. Akaanza yeye, nikafuata. Sijapata kunywa kitu kitamu kama kile, nacho nilikipita kwa kiburi changu. Bukoba niliingia siku tisa kabla ya msafara. Salim alikuwa ameshaifunga mizigo yangu kwa kamba mpya. Nikamweleza. Akaifungua, bila maneno, kama tulivyoagana.

Basi jibu la swali lenu ni hili. Mwisa, ombeni mulamba wa siku ileile, na msikilize wimbo wa mtumbwini. Igurwa, ketini kwa Kokugonza, mtafune kahawa, na msimwambie hamna njaa. Mwenyeji akitangulia kunywa msinune, anawalinda roho zenu. Na mkiwa mmefunga, semeni. Atafunika chenu kwa jani, na jua likizama mtakikuta. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, wazee wetu walisema, nami nilikuwa nikilisema neno hilo tangu utoto bila kufumba hata kope.

Bweranyange, penye njia panda, mtaniona. Kiangazi kilichofuata Salim alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Aliketi mkekani kati ya wachuuzi na wazee, nikalitoa dele jikoni, nikamimina, nikanywa mbele yao wote, ndipo nikampa.

Akatabasamu, akanong'ona, "Shemeji, umesahau adabu? Kwetu mgeni ndiye huanza."

"Hapa mwenyeji ndiye huanza," nikamwambia. "Na mwenyeji ni mimi."