Mguu wa Mhudumu wa Mgahawa

Mtaani walimwita Mama Miguu, naye hakukasirika, maana kutengeneza miguu ya bandia ndiyo kazi iliyomweka mjini. Karakana yake ilikuwa nyuma ya hospitali: chumba kirefu chenye meza ya chuma, jiko la kulainishia plastiki, na vumbi la plasta lililotua hata kwenye nyusi za mwenyewe. Mwisho wa chumba, kamera zilitundikwa ukutani, na sakafuni palilazwa bamba la kupimia uzito wa hatua. Mgonjwa alibandikwa vidoti vinavyong'aa nyongani, magotini na kwenye vifundo, akatembea, kompyuta ikamgeuza kuwa mtu wa vijiti. Mtu wa vijiti hana sura wala aibu. Ukijua ardhi inamsukuma kwa nguvu gani, na msukumo huo unapita mbali kiasi gani na goti, hesabu itakwambia goti linapindwa vipi. Ni kanuni ileile ya mlango: ukiusukuma karibu na bawaba utatoka jasho, ukiusukuma ukingoni unafunguka kwa kidole.

Sasa, mama huyu alikuwa na mdogo wake, mhudumu wa mgahawa. Lori lilimsaga mguu, madaktari wakaukata chini ya goti. Bosi wake alikubali kumshikia nafasi, lakini kwa sharti: akirudi atembee kama watu. Wateja, alisema, hawaji pale kula huruma.

Mama Miguu aliposikia hayo alifura. Huyo mdogo wake alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki, leo aambiwe hatembei kama watu? Akaapa kumtengenezea mguu ambao hata jirani hangejua ni wa bandia.

Akampima akiwa na mguu wa majaribio. Kijana akatembea, na vipimo vikatoka vizuri ajabu: kulia na kushoto sawasawa. Mama Miguu akacheka kwa furaha, akapiga makofi.

"Ona mambo hayo! Hata mimi mwenye yangu miwili sitembei hivi!"

Akachukua vipimo vile, akafinyanga ganda la plastiki linalokumbatia kigutu, akamvisha.

Wiki haikwisha, kigutu kikachubuka.

"Dada, linanibana kidogo," kijana akasema.

Kidogo! Soksi ilikuwa imelowa damu. Lakini mtu akishapenda hesabu zake, utamwambia nini? Dada aliitupia soksi jicho moja, kompyuta akaipa mawili.

"Hesabu haidanganyi. Jikaze, utazoea."

Kijana akajikaza kisabuni. Ganda likapashwa moto, likalegezwa huku, likakazwa kule, kidonda kikazidi kuchimba. Bosi naye akatuma ujumbe: Jumatatu asipoonekana, nafasi anapewa mwingine.

Aliyegundua kasoro ni mtaalamu wa kompyuta wa karakana, ambaye wenzake walimwita Bwana Fomula kwa sababu hata salamu aliijibu baada ya kufikiri. Yeye hakuanza na mwendo. Aliipa kompyuta mwili peke yake: urefu wa mifupa, nguvu ya misuli, uzito wa mguu wa plastiki. Kisha akaiuliza, mwili kama huu utembeeje ili uchoke kidogo iwezekanavyo? Kompyuta ikatafuta. Mtu wa vijiti akaanza kutembea, akichechemea.

"Umekosea, rudia," Mama Miguu akasema.

Akarudia. Akachechemea vilevile.

"Sikiliza, mama," Bwana Fomula akasema. "Mguu mmoja una kifundo kinachosukuma, mwingine hauna. Ukilazimisha hatua zilingane, mwili unalipia kwa jasho. Kuchechemea ndiyo njia nafuu, na kila mwili unajitafutia nafuu yake. Mimi ninachojiuliza ni kwa nini wa kwetu hachechemei."

Loo! Swali likamchoma mama wa watu. Akamwita mdogo wake, akamkalisha.

"Ukiwa kwako, mlango umefunga, unatembeaje?"

"Hivihivi tu, dada."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nauliza tena."

Kijana akatazama sakafu. "Mbele yako najinyoosha. Siku ile ulipiga makofi, dada. Ulifurahi mno. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Mama Miguu aliona aibu, aibu ya kuwasha masikio. Amempima mtu ambaye hayupo, kisha mtu aliyepo akavishwa mguu wa huyo asiyekuwepo. Na tena alimpima mikono mitupu, mhudumu mzima! Akajaza vikombe maji, akavipanga kwenye sinia, akamkabidhi. Akajua kwamba yeye akibaki mle ndani kijana atajinyoosha tu, basi akamwachia Bwana Fomula kompyuta, akatoka, akaurudisha mlango mwenyewe. Kule koridoni akasikiliza hatua: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito.

Aliporuhusiwa kuingia, alimwona kwenye kioo cha kompyuta mdogo wake wa kweli, akichechemea, ameinamia upande wa sinia, uzito wote ukiangukia ukingo wa ndani wa ganda, palepale palipotoka damu. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akawasha jiko, afinyange ganda upya kwa vipimo hivyo.

Jumatatu alikaa meza ya pembeni mle mgahawani, ameagiza chai asiyoinywa. Mdogo wake akatoka jikoni na sinia begani, vikombe vimejaa hadi mdomoni, kila kimoja na kisosi chake. Akapenya katikati ya viti akichechemea waziwazi, wala hakugeuka kumtazama dada yake. Bosi akasimama mbele yake, uso ameukunja.

"Nilisema utembee kama watu. Wewe unachechemea."

"Nachechemea, bosi." Akaishusha sinia mezani mbele yake. "Tazama visosi."

Bosi akavitazama kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vikavu.

"Haya, peleka," akasema. "Wale wa dirishani wanasubiri."