Kutu Kwenye Kitambaa

"Kitambaa changu, wifi! Ulikiazima kwa harusi ya mdogo wako, na tangu hapo unaniambia kesho. Hiyo kesho yako inatembea kwa magoti?"

Mama Kutu alisimama mlangoni mwa chumba cha wifi yake, begi la safari bado liko begani. Alikuwa ametoka mkutanoni, wiki nzima ya viti vigumu na maneno marefu, na sasa alitaka kitambaa chake cha kichwa aende shambani. Wifi, fundi cherehani, hakuinua macho. Alizidi kukanyaga cherehani kama anayekimbizwa.

"Mtu anatoka safari hata salamu hana. Zimekudondoka njiani?"

"Salamu nitakupa kitambaa kikiwa mkononi."

Jina hilo la Mama Kutu alilipata kwa wifi huyohuyo. Ujanani aliomba kusomea uuguzi, wakubwa wakampeleka kwenye mimea. Akalia, akanyamaza, akaenda. Basi akawa muuguzi wa ngano, tena muuguzi wa ajabu, anayewaambukiza wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akitafuta ngano isiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa unaomwaga vumbi jekundu kwenye majani mpaka punje zinabaki makapi. Kwa kibanio kidogo kama cha kunyonyolea nyusi aling'oa sehemu za kiume za suke moja, akalipaka chavua ya suke jingine, akalivika kifuko cha karatasi. Watoto wa ndoa hiyo aliwapanda, akawachagua, akawapanda tena, miwani ikizidi kuwa minene. Sasa alibaki na mbegu moja ya kutumainiwa, akaiita Kitindamimba. Kitindamimba akipita katikati ya kutu akatoka mzima, wakulima watapewa mbegu. Asipojaribiwa msimu huu, mradi unafungwa, naye anakwenda kuliwa na kuku.

Wifi aliinuka kwa hasira, akavuta kifuko cha karatasi juu ya kabati, akakitupa kitandani. "Chukua. Usije ukasema nimekitafuna."

Mama Kutu akachungulia ndani. Kitambaa kilichokuwa cheupe kilikuwa na rangi ya matofali. Akakigusa kwa ncha ya kidole, akavaa miwani. Ule haukuwa udongo.

"Wifi. Uliingia shambani kwangu?"

"Niliingia kukusitiri! Watu wanapita kwenye uzio wanacheka, eti mtaalamu gani huyu, ngano yake yote inaumwa. Na kaka yangu anasikia! Nikaingia, nikayafuta majani, jani kwa jani, kama mtoto mwenye kamasi, mpaka kiuno kikagoma. Halafu nikaazima bomba la dawa kwa jirani mwenye nyanya, nikaipiga mistari yote ya nje mpaka dawa ikaisha. Nenda kaone kulivyopendeza!"

Mama Kutu alikimbia, yeye ambaye magoti yake hulalamika hata kwenye ngazi. Mistari ya nje ilikuwa ngano dhaifu aliyoiambukiza kusudi, ili upepo upeleke kutu kwa Kitindamimba na wenzake waliopandwa ndani. Sasa ilikuwa misafi kama imeogeshwa. Vipele vya kutu vimekauka vikawa vyeusi, vimekufa kabisa. Huko ndani dawa haikufika, lakini na kutu pia ilikuwa haijafika. Akiba ya kutu aliyoweka kwenye friji ya ofisi iliharibika umeme ulipokatika, na kuagiza nyingine ni vibali na kusubiri mpaka msimu upite.

Wifi akamfikia akihema. "Hata asante?"

"Umeuponya," Mama Kutu akanong'ona. "Umeuponya ugonjwa wangu."

"Na kuponya kumekuwa kosa tangu lini?"

Akaelezwa. Wifi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Unawapa ugonjwa kusudi? Miaka yote hii nakuonea huruma kwamba mimea inakufa kwa bahati mbaya! Wewe mtaalamu au mchawi?"

Mama Kutu alikuwa anakitazama kile kifuko, ambacho bado alikuwa amekikumbatia.

"Kitambaa ulikifua?"

"Nikifue vipi? Nilipoona nimekiharibu, nilikificha."

"Kwenye karatasi. Pakavu." Akakunja mdomo wa kifuko vumbi lisimwagike. "Wifi, lete chupa yako ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Lile bomba lina dawa, lisiguse kitu hapa."

Jioni, umande ulipokaribia, walikung'uta lile vumbi kwenye maji yenye tone la sabuni, wakainyunyizia ngano ya ndani, wakaifunika kwa nailoni. Wifi alishika nailoni huku uso kaugeuzia pembeni, kama mtu anayesaidia kuiba.

Kisha wakasubiri. Vumbi huenda limekufa, huenda halikufa. Kila kulipokucha Mama Kutu alikagua majani kwa miwani yake, na wifi nyuma yake.

Asubuhi moja ni wifi aliyepiga yowe. "Imeshika! Wifi, imeshika! Kila mahali wanaumwa!" Aliruka kama aliyepata mchumba, na wapita njia wakasimama kumshangaa.

Ilikuwa kweli. Mistari ya ndani ilikuwa myekundu, upande huu na huu. Katikati yake amesimama Kitindamimba, kijani, na vidoadoa vidogo vya kupauka tu, pale ugonjwa ulipobisha hodi ukanyimwa mlango. Mama Kutu akaketi kwenye tope na sketi yake ya ofisini. Kukosa alikuwa amekwisha kukuzoea. Huku kupata ndiko kulikomshinda.

Wifi akachutama kando yake, akatoa kitambaa kwapani. "Nimekifua mpaka vidole vimechubuka, rangi haitoki. Nitakushonea kingine. Kesho."

"Kesho yako naijua." Mama Kutu akakichukua, akakifunga kichwani kwa wifi yake, akakaza fundo. "Kaa nacho. Cha kwako sasa, sikudai tena. Ila lile bomba la jirani, rudisha leo."