Silambloku Mbili za Nyuma

Siku moja ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala ya kuzaliwa mtoto wangu wa kwanza. Ni asubuhi niliyoulizwa swali la maneno mawili, nikajibu kwa maneno mawili, na jibu langu lilikuwa la uongo. Leo nina mvi na wajukuu, bado ninalala chini ya magari ya watu nikiyatengeneza hapa Kindu, na vijana wa garaji wananiita papa, yaani baba. Lakini asubuhi ile nilikuwa kijana, na nilipenda mno kusifiwa. Acha nikueleze.

Ilikuwa wakati wa vita. Mama Zaina, mjane aliyekuwa akiuza chumvi, sabuni na mchele, alikuwa na kamio moja ya zamani, lori la mizigo. Dereva wake alikuwa Selemani, mume wa dada yangu Feza. Watu wenye silaha walipoanza kuchukua magari ya watu, Selemani aliipeleka kamio ile msituni, upande wa njia ya Kibombo, akatoa magurudumu na kuyafukia ardhini, kisha akaifunika kwa majani ya mawese. Ilikaa pale mvua hadi mvua, na tena mvua hadi mvua. Kila alipoweza alikwenda kwa baiskeli kuitazama, akazungusha injini kwa mkono ili isigande. Ninyi vijana mnacheka, lakini mtu anaweza kupenda gari hivyo.

Hali ilipotulia kidogo tukaitoa. Injini ilikubali siku ya tatu, na Selemani akaruka kama mtoto. Ila kabini ilicheza. Ukiegemea mlango, nyumba nzima ya dereva ilikwenda kushoto ikarudi kulia. Nikaingia chini kutazama.

Kwa wewe usiyejua, kabini ya kamio haikai juu ya shasi, ule uti wa chuma wa gari, chuma kwa chuma. Katikati kuna mipira minene, sisi tunaiita silambloku, na kila mmoja una bolti ndefu inayoupitia na kuufunga. Kamio ile ilikuwa nazo sita: mbili mbele, mbili katikati, mbili nyuma. Unyevu wa msituni ulikuwa umezila. Mipira ilikatika mkononi kama mkate mkavu, na bolti zilivimba kwa kutu.

Wakati huo uani kwa Mama Zaina kulikuwa tayari kumejaa watu. Familia za kijiji cha Tunda zilizokimbilia Kindu zilitaka kurudi kwao ziwahi kupanda mpunga. Walikuja na vifurushi vyao, sufuria zao, kuku wao, wakakaa wakiningojea mimi. Kila nilipotoka chini ya gari, mama mmoja aliniambia, "Fundi, Mungu akubariki." Mwanangu, maneno hayo yalinilevya. Nilisema kamio itaondoka Alhamisi, na niliisema kwa sauti ili wote wasikie.

Silambloku nne nilizibadilisha vizuri, kwa mipira niliyoipata kwenye gari lililokufa. Mbili za nyuma zilinishinda. Bolti zake hazikuwa bolti tena, zilikuwa mabonge ya kutu. Kibaya zaidi, yale masikio ya chuma yaliyotoka kwenye shasi kuibeba mipira yalikuwa yameoza. Nilisukuma bisibisi ikatokea upande wa pili. Kazi ile ilitaka kuinua kabini, kufungua fimbo ya usukani, kukata chuma kibovu na kuchomelea kipya. Siku nne, labda tano. Na ilikuwa Jumatano.

Nilikata mpira wa ndani wa tairi kuwa vipande virefu, nikavizungusha pale, nikakaza kwa waya. Mashimo niliyaziba kwa lami. Halafu nikapaka oili chafu juu yake ili vyote vionekane vyeusi na vya zamani. Ukitazama haraka, usingejua.

Asubuhi Selemani alikuja na funguo mkononi. Akauliza, "Zote sita?"

Nikasema, "Zote sita."

Akaondoka akipiga honi, watu wa Tunda juu ya magunia ya chumvi wakiimba. Feza alisimama njiani na mtoto mgongoni, binti yao wa kwanza, wa miezi minne, akipunga mkono. Mimi nilikwenda kuoga.

Hawakufika mbali. Mwendo wa saa tatu tu kwa miguu kutoka hapa, njia inateremka kwenye kijito chenye daraja la magogo. Pale kwenye mteremko kona ya nyuma ya kabini ilishuka. Kabini ililala upande, ikabana fimbo ya usukani, na usukani ukakataa kugeuka. Mbele kulikuwa na daraja na maji. Selemani alivuta usukani kwa mwili wake wote, akapata nafasi ndogo tu, akaipigiza kamio kwenye ukingo wa udongo. Watu walirushwa kwenye majani. Mama mmoja aliteguka mkono, wengine walichubuka, na hakuna aliyekufa. Mpaka leo ninashukuru kila ninapolikumbuka jambo hilo. Selemani mguu wake ulibanwa ndani. Walikata miti, wakaisukuma kabini, wakamtoa. Jioni ileile wanaume wa Tunda walimleta nyumbani kwenye machela.

Feza hakulia. Alishika kichwa cha mume wake, na fundi wa mifupa akanyoosha mguu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, ninasikia.

Ungefikiri nilisema siku ileile. Sikusema. Siku ya kwanza nilijiambia ana maumivu, nisimsumbue. Siku ya pili nilijiambia huenda hata si kabini, ni njia. Siku ya tatu mjini walianza kusema Selemani alikimbiza gari. Maneno yalikua, unajua mji wetu: huyu aliona, yule alisikia. Na mimi nilipita katikati ya maneno hayo bila kufungua mdomo. Kila siku nilikwenda kumwona mgonjwa, nikampelekea chungwa, nikakaa. Alinipokea vizuri. Alikuwa ananitazama kidogo, kisha anaangalia pengine.

Siku ya sita, baada ya swala ya adhuhuri, Mama Zaina alikuja. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya soko, lakini siku ile aliongea chini. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda.

"Selemani, baba," akasema, "umenibebea vitu vyangu miaka mingi, na haujaniangusha. Lakini watu wa Tunda wanaogopa. Wanasema ulikimbiza. Nikiitengeneza ile kamio, nitamupa muntu mwingine funguo. Usinichukie."

Selemani alitazama sakafu. "Ni sawa, mama," akajibu.

Ni hayo tu. Kazi yake, jina lake, vyote vilikwenda, na alisema ni sawa. Halafu akainua macho, akanitazama mimi. Hakukuwa na hasira machoni mwake, mwanangu. Ingekuwepo, labda ningeweza kunyamaza.

Nilipiga magoti bila kujua ninapiga magoti. "Mama, hakukimbiza. Mimi njo nilikosea, si yeye. Silambloku mbili za nyuma sikuzibadilisha. Nilifunga na waya, nikapaka oili. Nilimudanganya."

Feza aliniangalia kama mtu asiyenijua. Mama Zaina alitazama mikono yangu. Kisha akamgeukia Selemani. "Na weye ulijua?"

"Nilijua, mama. Waliponitoa na kunilaza chini, waya ilikuwa mbele ya macho yangu."

"Sasa ulinyamazia nini? Watu wanakula jina lako siku zote hizi!"

Selemani akasema polepole, "Huyu ni ndugu wa bibi yangu Feza. Nilikuwa namungojea aseme yeye mwenyewe. Ningesema mimi, angekuwa mwongo mbele ya watu wote. Akisema mwenyewe, anabakia fundi."

Nililia mbele yao, mtu mzima mwenye ndevu. Mama Zaina aliniacha nilie, kisha akanivuta sikio, si kwa kucheza, alilivuta kweli.

"Sikia, mutoto yangu," akasema. "Siku ya Jumatano ungekuja kuniambia ya kama kamio haiko tayari, ningekasirika. Ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Kesho yake ningepika chai. Sasa niambie: nani alishakufa juu ya hasira yangu?"

Nilijifuta machozi kwa kiganja.

"Utaitengeneza weye," akaendelea. "Mbele ya Selemani. Na akisema haijaisha, haijaisha."

Kesho yake nilikwenda kule kwenye kijito na wanaume wawili. Tulinyoosha kabini kwa magogo, tukaifunga kwa kamba mpaka usukani ukageuka bila kukwama, nikairudisha kamio mjini polepole kuliko mtu anayetembea. Tukaiweka uani kwa Selemani. Yeye alitolewa nje kila asubuhi, akakaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, fimbo mkononi.

Nilitoa waya za betri. Nilifungua fimbo ya usukani, na kila bomba la mpira na kila waya uliopita kutoka kabini kwenda kwenye injini, ili nikiinua nisikate kitu. Bolti nilizimwagia oili siku tatu, asubuhi na jioni. Zilizokataa nilizikata kwa msumeno wa mkono. Tuliweka boriti nene chini ya kabini, tukaiinua kwa jeki kidogo kidogo, huku na huku, isije ikapinda. Masikio mabovu niliyakata yote mpaka nilipofikia chuma kinacholia vizuri ukikigonga. Jenereta na mashine ya kuchomelea tuliazimwa na parokia moja. Watu walikuwa wema wakati ule, kwa kuwa wote tulikuwa na shida.

Mipira ndiyo ilikosekana. Katika Kindu nzima hapakuwa na silambloku hata moja. Nikapanda baiskeli mpaka Kalima, nikaomba kipande cha mkanda mzito uliokuwa ukibeba mawe kwenye mgodi wa zamani. Nilikikata kwa patasi vipande vya duara, nikavipanga kimoja juu ya kingine, nikaingiza bomba dogo la chuma katikati ili bolti isiutafune mpira. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Selemani alichukua kila kimoja, akakikunja, akakinusa hata, akasema, "Hii ndiyo," au "Hii tupa."

Na nikifanya kazi aliniuliza. Unafanya nini sasa? Kwa nini? Nikilala chini ya gari nilimjibu kwa sauti, naye juu anaitika, "Eeh. Endelea." Feza hakusema nami siku nne. Siku ya tano aliweka sahani ya wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, karibu na gurudumu, akasema, "Kula, usije ukaanguka chini ya ile kitu." Nilikula chakula kile huku machozi yananitoka.

Siku ya kumaliza, watu wa Tunda walikuja tena na vifurushi vyao. Msimu ulikuwa unawakimbia. Selemani akasema twende tuijaribu kwanza, mimi niendeshe, yeye akae pembeni. Kisha akamwita mkewe, "Feza, leta mutoto. Mutakaa katikati."

Feza akaja, mtoto kifuani, akapandisha mguu kwenye ngazi ya kabini. Nikasema, "Dada, shuka."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Bolti moja ya nyuma, upande wa kushoto, nilipoikaza niliisikia inateleza. Uzi wake umelika. Nilitaka kuiacha. Munipe mpaka kesho."

Watu uani walinung'unika. Mzee mmoja alisema mimi ni fundi wa kesho kila siku. Mama Zaina alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, kama alivyoahidi. Selemani yeye alicheka mpaka akashika mguu wake. "Tutangojea," akasema. "Feza, tia chai."

Kesho yake niliweka bolti nyingine, nikazikaza zote sita kwa zamu, kisha nikarudia. Feza akapanda na mtoto. Tulikwenda mpaka kwenye kile kijito, tukateremka, tukavuka daraja, na kabini haikucheza. Mtoto alilala njia nzima, nami kesho yake niliwafikisha watu wa Tunda kwao. Mwezi mmoja na nusu baadaye Selemani alishika tena usukani wake, na hakuna mtu aliyemwambia tena kwamba alikimbiza. Anachechemea kidogo mpaka leo. Ijumaa anakuja kula kwangu, na ananilia kuku.

Mwanangu, leo magari yanayokwenda Punia na Obokote bado ni yale makongwe, na njia zimezidi kuwa mbaya. Kutu haina haya, itakuja. Mwezi uliopita dereva mmoja alitaka nimpakie rangi kwenye shasi ili mteja wake aridhike. Nikamwambia kutengeneza kweli ni siku tatu. Alinitukana, akakaa, akangoja, akaenda salama.

Basi nasaha yangu ni hii. Mahali pasipoonekana ndipo ufanye kazi yako vizuri zaidi, kwa kuwa anayepanda hawezi kwenda kutazama. Amekutazama wewe tu. Ikikushinda, sema imekushinda, hata kama uani kumejaa watu na vifurushi. Ukishakosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba aibu yako. Na akitokea mtu wa kukungojea ukiri mwenyewe, mpende mtu huyo maisha yako yote, maana hawako wengi. Nawe umngojee mwingine vivyo hivyo.

Mungu aipe mikono yako kazi ya halali, na mdomo wako ujasiri wa kusema kweli siku inapouma. Wote wanaokutegemea wafike kwao, na wewe ukirudi nyumbani ukute chakula cha moto na watu wanaofurahi kukuona. Amina, mwanangu.