Mikono ya Watoto wa Mzee Eustace

Modesta wa Kinole, kijiji cha milima ya Uluguru, hushika kisu cha kumenyea mdalasini kati ya kidole cha shahada na cha kati. Vidole gumba vyake havimsaidii. Ni virefu, vyembamba, vina pingili tatu kama vidole vingine, wala havikunjiki kukutana na wenzao. Baba yake, mzee Eustace, alikuwa navyo hivyohivyo, na mdogo wake Lukasi anavyo. Shuleni walimcheka Modesta mpaka akazoea kuficha mikono ndani ya khanga. Alipokua aliacha kujificha. Alilima mananasi, akaolewa, akazaa binti akamwita Witness.

Witness alizaliwa na vidole vya mama yake. Tena alihema sana akinyonya, na uzito wake haukupanda. Modesta akateremka naye hadi hospitali mjini Morogoro, kwa daktari wa watoto aitwaye Jesca. Daktari alikisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama Witness, hebu nione mikono yako."

Modesta alisita. "Daktari, nimemleta mtoto kwa ajili ya kifua."

"Huenda ni jambo moja," alisema Jesca. "Kuna jeni inaitwa TBX5. Yenyewe haijengi kitu. Kazi yake ni kuziamuru jeni nyingine zifanye kazi lini na kwa kiasi gani. Mtoto akiwa tumboni, jeni hiyo husimamia mikono inapochipuka, na husimamia moyo unapogawanyika vyumba. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Nadhani kwenu nakala moja ina kasoro, kwa hiyo amri zinatoka pungufu."

Picha ya moyo ilionyesha tundu kati ya vyumba vya juu. Ingebidi Witness apasuliwe Dar es Salaam. Moyo wa Modesta nao ulipimwa, ukakutwa salama.

"Nani mwingine kwenu ana mikono hii?" daktari akauliza.

"Baba alikuwa nayo. Alianguka shambani akafa palepale, watu wakasema karogwa. Na mdogo wangu Lukasi. Yeye huzimia akipanda mlima."

"Huyo mlete upesi. Jeni hiyo husimamia pia njia za umeme wa moyo."

Lukasi hakutaka kusikia. Alisema kizunguzungu ni malaria. "Dada, mimi nabeba mkungu wa ndizi mpaka barabarani. Mwenye moyo mbovu anabeba mkungu?"

"Hata baba alibeba mpaka siku aliyoanguka."

Lukasi akachukua panga akaenda zake. Modesta alimwendea tena na tena, mpaka Lukasi akawa anatoka nyumbani kila anapomwona dada yake akipandisha. Ndipo Modesta akabadili njia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayembeba kwenye mambo mazito. Siku ya kufuata barua ya rufaa ya Witness, alimngojea Lukasi mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mpwa wako anakwenda kupasuliwa," alimwambia. "Mjomba asiposimama naye, asimame nani?"

Lukasi akavaa viatu, akafuatana nao. Walipofika hospitali, Jesca aliwapokea, akawaingiza chumba chenye kitanda na mashine ya kupima umeme wa moyo. Lukasi aliitazama mashine, akamtazama dada yake.

"Umenitega."

"Nimekutega. Vua shati ulale."

Lukasi akavua, akalala. Kipimo kilionyesha moyo unaoruka mapigo na kusimama kidogo kabla ya kuendelea. Wakasafiri wote kwenda Dar es Salaam. Tundu la Witness likazibwa, na Lukasi akawekewa chini ya ngozi, karibu na bega, kifaa kinachoongoza mapigo. Kwa siku kadhaa hakumsemesha dada yake. Kisha jioni moja akaja wodini kwa watoto, akakaa, akamsikiliza Witness akililia uji kwa sauti kubwa ambayo hawakuwahi kuisikia.

"Nimepanda ngazi mpaka huku juu," alisema. "Sikupumzika."

Mavuno ya mananasi yalipokwisha, Modesta alitaka kwenda Turiani. Mzee Eustace alikuwa na binti huko aliyemzaa kwanza kwa mwanamke mwingine, jina lake Juliana, kibarua wa mashamba ya miwa. Lukasi alishangaa. "Yule si wa ukoo wetu."

"Ni wa baba," alisema Modesta.

Alimkuta Juliana anapepeta mchele uani. Alisema shikamoo, na kabla hajaitikiwa macho yake yalikuwa yameshafika kwenye ungo. Vidole gumba vilikuwa virefu, vimelala kando ya vingine.

"Marahaba," aliitikia Juliana, akivificha chini ya ungo. "Nani mwenzangu?"

Modesta akanyoosha mikono yake yote miwili mbele. Juliana aliitazama, akaweka ungo chini.

"Mwanangu Amani naye anayo," alisema.

"Anahema akikimbia?"

"Sana."

"Basi kesho twende Morogoro kwa daktari, dada. Wewe na yeye."